Mboji ya Uwanjani

Jumatatu asubuhi Mama Mboji alikuta maharage yamejikunja.

Hayakuwa yamenyauka. Kunyauka alikujua, kunyauka ni kiu, na kiu ina dawa yake. Haya yalikuwa mabichi, yamejaa maji, ila majani ya juu yalikuwa yamefumbata kama ngumi ya mtoto mchanga, na vikonyo vimepindapinda kama waya wa jalalani. Alipiga magoti kwenye tuta la kwanza, akalifungua jani moja kwa vidole viwili, akatafuta wadudu upande wa chini. Hakuona kitu. Akaenda tuta la pili, akaenda la tatu. Alipofika kwenye nyanya hakuwa anatembea tena, anakimbia, gauni kalishika mkononi, na viatu vya plastiki vimebaki nyuma kwenye matope.

Nyanya nazo zilikuwa zimejikunja.

Ijumaa aliziacha zimesimama. Jumamosi na Jumapili geti la chuo hufungwa kwa asiye na kitambulisho, naye kitambulisho chake kilichukuliwa siku kazi ya usafi ilipokabidhiwa kwa kampuni. Miaka kumi na tisa alikuwa amesugua vyoo vya bweni la wasichana. Siku ile walimwambia, "Asante sana mama, bustani endelea nayo tu, kwa kujitolea." Akaendelea nayo. Tarehe aliiandika.

Kila kitu alikiandika tarehe. Alikuwa na daftari lenye jalada la nailoni, na humo mlikuwa na bomba la maji aliloahidiwa mara nne, kila ahadi na siku yake, na kila mara alipokumbusha aliambiwa mbona haikusemwa hivyo. Mlikuwa na jiko la wanafunzi lililofungwa baada ya mgomo, "kwa ukarabati wa wiki mbili." Mwaka huu wiki mbili hizo zilikuwa zimetimiza miaka tisa. Na mlikuwa na asubuhi ile aliyomkuta binti wa mwaka wa kwanza amelala sakafuni bafuni, povu la sabuni limemkaukia shingoni, na nesi aliyeitwa akasema huyu hana ugonjwa, huyu hajala tangu juzi. Wiki ile ile Mama Mboji aliomba kiwanja cha nyuma ya bweni kuukuu, kulikotupwa vitanda vibovu na masinki yaliyopasuka, akaanza kuchimba.

Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa vitabu vilivyochanika alivyoviokota wanafunzi wakihama, akajifunza zaidi kwa kuharibu. Miaka miwili ya kwanza hakuvuna hata cha kumjaza kuku. Wa tatu alikuwa na mchicha wa kugawa. Wanafunzi wakaanza kuja, kwanza kwa njaa, halafu kwa sababu wasiyoweza kuieleza vizuri. Somo likawa kila Alhamisi saa nne, na kila somo lilianza vilevile: "Andikeni tarehe." Yule mshauri wa wanafunzi, anayekaa ofisi yenye pazia la kijani, ndiye aliyegundua kwamba wanaochimba Alhamisi wanapata usingizi na hawagongi mlango wake tena wakilia. Akaandika ripoti. Ripoti ikapanda ghorofani. Basi chuo kikatengeneza kijitabu cha rangi chenye maneno *Chuo Kijani, Akili Tulivu*, na kwenye jalada pakawa na picha ya mikono ya Mama Mboji imeshika udongo. Mikono tu. Uso walisema haukutoka vizuri.

Na sasa, Alhamisi hii, kamati ya chuo ingekuja saa nne hiyo hiyo kuamua jambo moja: ama somo la bustani liingizwe kwenye ratiba, liwe na chumba, bomba na mwalimu anayetambulika, ama kiwanja kipewe idara ya majengo kiwe maegesho ya magari ya wafanyakazi. Zilikuwa zimebaki siku tatu, na maharage yamefumba ngumi.

Jumatatu nzima alimwagilia. Jumanne akanyunyiza maji ya sabuni, akapuliza majivu. Jioni hali ilikuwa mbaya zaidi, viazi navyo vimeanza. Akafanya alichokifanya siku zote mmea ukiugua: akaenda kwenye lundo lake kubwa la mboji, lile la majani na maganda yaliyooza mpaka yakawa meusi na kunukia kama ardhi iliyopata mvua, akajaza toroli mara sita, akalishika kila shina na kulifunika kwa mikono yake. Juu ya lundo palisimama ubao wa kitanda alioupaka rangi mwenyewe mwaka wa kwanza: HAPA HAKITUPWI KITU. Maganda ya viazi, majivu, makaratasi ya mitihani iliyopita, majani yanayokatwa uwanja wa mpira, yote yalirudi udongoni. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza kwa kila mgeni, na la mwisho.

"Kuleni," aliiambia mimea. "Kuleni mpone. Msinitie aibu."

Jumatano asubuhi ndipo Maabara alipofika. Huyu alikuwa binti wa kemia, jina alipewa na wenzake kwa kuwa hata chumvi ya chakula huinusa kwanza. Alizunguka matuta yote mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mama, tumekaa tunatazama vilivyougua. Vizima je?"

"Vizima vipi? Huoni kila kitu kimekufa?"

"Mahindi hayajafa."

Mama Mboji akainua kichwa. Kweli, mahindi ya pembeni yalikuwa wima, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Akageuka. Vitunguu vizima. Mchaichai mzima, mnene, hauna habari. Akaenda tuta kwa tuta huku akinong'ona jina la kila mmea. Maharage, nyanya, viazi, mchicha: kila chenye jani pana kimepinda. Kila chenye jani jembamba, la ukoo wa nyasi au linalofanana nazo, kinacheka.

Nyasi.

Ng'ambo ya uzio mashine ya kukata majani ilikuwa inanguruma. Uwanja wa mpira ulikuwa umetandikwa kijani tupu, sawasawa, kama zulia la ofisi. Mama Mboji aliutazama uwanja ule kila siku ya Mungu kwa miaka, na sasa ndiyo aliona kilichokosekana. Akaupenya uzio pale ulipotoboka.

"Shemeji! Zima hiyo ngoma!"

Aliyekuwa juu ya mashine alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa matani ambaye hata msibani aliambiwa anyamaze. Akazima, akavua kofia kwa madaha.

"Nimekosa nini tena, bibi harusi? Miaka thelathini na moja umeolewa kwetu, bado unanijia mbio peku?"

"Mbigili ziko wapi?"

"Unazitaka? Mwaka jana si ulinitukana ukoo mzima kwa sababu ya mbigili hizo? Eti zinachoma watoto wako."

"Shemeji, ziko wapi?"

Akaona uso wake, utani ukamkauka mdomoni. "Zilipigwa dawa. Miezi miwili iliyopita, na mwezi jana tukarudia. Wageni wa cheti cha Chuo Kijani wanakuja, Bwana Lami kasema uwanja uwe zulia."

Bwana Lami ndiye mkuu wa majengo. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna ardhi aliyoiona wazi asitamani kuimwagia lami.

"Dawa gani?"

"Ya magugu. Kitu cha ajabu, shemeji. Nyasi haizigusi hata kidogo, lakini kila chenye jani pana kinajisokota mpaka kinakufa."

"Ina jina?"

"Nilipewa kwenye dumu. Dumu lenyewe limeandikwa mafuta ya kupikia." Akacheka kidogo, kisha akasikia alichokisema. Macho yake yakahama polepole, yakapita juu ya bega la shemejiye, yakaingia kwenye tundu la uzio, yakatua kwenye lundo. Kila Ijumaa, toroli nane za majani yaliyokatwa uwanjani. Alikuwa anazisukuma mwenyewe, baada ya saa za kazi, kwa mapenzi tu, na Mama Mboji alikuwa akimpokea kwa shangwe kama aliyeletewa mahari ya pili.

"Lakini majani yalikuwa yameshakaa," alisema. "Yalikuwa yameoza. Si unasema kikioza kinakuwa kisafi?"

"Ndiyo," alisema Mama Mboji. "Ndivyo ninavyofundisha."

Shemeji akaketi kwenye tairi la mashine, kofia mapajani. Mama Mboji hakumtukana. Angepata wapi nguvu za kumtukana, na jana jioni kabeba toroli sita za ziada kwa mikono yake, akaviambia vijiti vile vile mpone?

Saa saba mchana kulikuwa na sufuria. Kila Jumatano kulikuwa na sufuria, kubwa la kuogea mtoto, limekaa juu ya mafiga matatu nyuma ya bweni, na ndani yake mboga na maharage ya bustani kwa yeyote atakayekuja na bakuli. Hakuna aliyeulizwa jina. Siku ile walikuwa zaidi ya arobaini, na mboga zilikuwa zimechumwa Ijumaa, zimepikwa na zamu ya wanafunzi, zinanukia mpaka koridoni. Mama Mboji akafika na vumbi magotini, akasimama baina ya foleni na sufuria.

"Hakipakuliwi."

Wakacheka, wakidhani ni utani.

"Hakipakuliwi, wanangu. Bustani imeingia dawa ya magugu."

"Inadhuru mtu?" aliuliza mmoja.

Akamtazama Maabara. Maabara akatikisa kichwa. "Pengine hapana, mama. Pengine ni kidogo mno. Bila kujua ni dawa gani, siwezi kusema."

"Basi hatujui. Na nisichokijua sikipakui."

Aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa kijana mrefu waliyemwita Twiga. Muhula uliopita kijana huyu alikaa wiki tano haongei na mtu, mpaka mwenzake wa chumba akaanza kuficha wembe. Neno lake la kwanza alilitamka kwenye tuta la vitunguu, na lilikuwa "vimetoka?" Sasa alinyoosha bakuli lake la bati.

"Mimi nitakula, mama. Wewe pakua tu. Tumbo ni langu."

"Twiga, baba, toa bakuli."

"Jana sikula."

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingesimama hapo!"

Mama Mboji alishika sufuria kwa vitambaa viwili, na kwa kuwa hakuna aliyemsaidia alilisukuma kwa goti. Likapinduka. Mboga na maharage vikatiririka kwenye mtaro wa maji machafu, mvuke ukapanda mbele ya watu arobaini. Twiga akageuza bakuli lake chini juu, akaliweka chini ya miguu yake taratibu kama anayeweka kitu kaburini, akaondoka.

Habari ilifika ghorofani kabla mvuke haujaisha. Saa tisa Bwana Lami alikuja mwenyewe, viatu vimeng'arishwa, akisimama kwenye mawe ili asikanyage udongo.

"Mama yangu, pole. Nimesikia mimea imepata mafua."

"Imepata dawa yako."

"Dawa ile ni ya uwanja. Uwanjani haina neno. Nani alikwambia uilete huku?" Akatabasamu. "Sikia, sikuja kugombana. Kuna kitalu pale barabara kuu, kina miche imebeba mpaka matunda. Nakupa gari sasa hivi. Ng'oeni hii, pandikizeni ile, kesho kamati inaona kijani, wapiga picha wanapiga, cheti kinapatikana. Habari ya maegesho tunaizungumza mwakani."

"Mwakani tarehe ngapi?"

"Ah, mama na tarehe zako!"

"Miche hiyo itakufa ndani ya wiki mbili. Udongo ni huo huo."

"Wiki mbili zinatosha sana." Akashusha sauti, akawa kama ndugu. "Na kabla hujaanza kuhutubia kesho, kumbuka sahihi ya kupokea dawa iliyoko kwenye kitabu cha stoo si yangu. Ni ya shemeji yako. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Ana watoto wangapi vile?"

Watano. Wa mwisho ndiyo kwanza anang'oa meno ya utoto, na analipiwa shule na mshahara ule ule wa mashine.

Alipoondoka, Mama Mboji alikaa kwenye ukingo wa tuta mpaka kivuli cha bweni kikamfunika. Tusimpambe: alitamani. Aliliona gari, akaiona miche mikubwa imejaa nyanya nyekundu, akaiona kamati ikitikisa vichwa kwa kuridhika, na bomba, bomba la kweli lenye koki ya shaba. Kudanganya siku moja. Wao walikuwa wamemdanganya miaka tisa na hawakukosa usingizi. Kilichomshinda ni kitu kidogo tu. Aliwaza akiwaambia wanafunzi wake andikeni tarehe, halafu waandike nini chini yake?

Alhamisi saa nne kamati ikaja, watu saba, Naibu Mkuu mbele na mwavuli wake. Wanafunzi walikuwa wamejipanga pembeni, wachache kuliko kawaida. Twiga hakuwepo. Shemeji alikuwa nyuma kabisa, kofia kaisokota mikononi kama nguo ya kukamuliwa.

"Mwalimu," alisema Naibu Mkuu kwa upole wa watu waliokwisha kuamua, "tuonyeshe."

Mama Mboji alikuwa hajang'oa shina hata moja.

"Andikeni tarehe," alisema. Wanafunzi wakafungua madaftari. Wanakamati wawili, kwa mazoea, nao wakatoa kalamu. "Somo la leo ni kosa langu. Mnaona maharage. Mnaona mahindi. Chenye jani pana kimekufa, chenye jani jembamba kimebaki. Hii si njaa ya udongo wala si ugonjwa. Ni dawa ya magugu ya uwanja wa mpira. Ilikaa kwenye majani yaliyokatwa, majani yakaja kwenye lundo langu, yakaoza, dawa haikuoza. Nimewafundisha miaka saba kwamba kikirudi udongoni kinapona. Si kweli. Si kila kitu. Kabla hujakirudisha, uliza kimetoka wapi na kimefanywa nini. Mimi sikuuliza."

"Nani alileta majani hayo?" Bwana Lami aliuliza haraka.

Shemeji akafungua mdomo, na Mama Mboji akamkata kabla hajatoa sauti.

"Niliyafuata mwenyewe. Niliyaomba, nikayasukuma kwa toroli yangu. Lakini na mimi nina swali. Dawa ilikuja kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Dumu lake la asili lina kibandiko. Kimeandikwa nini?"

"Hilo si la kamati hii," alisema Bwana Lami.

"Msifunge bustani," alisema Mama Mboji. Hakuwa amepanga kuomba. "Nipeni msimu mmoja. Udongo unapona, unataka muda, unataka kugeuzwa na kupandwa mahindi, na hilo nalo ni somo. Wapo watoto hapa wanaishi kwa matuta haya. Siongei kwa mfano. Nasema wanaishi. Naibu Mkuu, mama mwenzangu, nakupigia magoti."

Akapiga kweli, palepale kwenye udongo mbovu.

Naibu Mkuu alimwinua kwa kiwiko. Alikuwa na machozi machoni, na machozi hayo hayakusaidia kitu. Jioni uamuzi ulibandikwa mlangoni mwa bweni, ukurasa mmoja: kwa kuwa mhusika mwenyewe amekiri kwamba udongo una sumu, na kwa kujali afya na ustawi wa wanafunzi, eneo litafungwa na kufunikwa. Ukweli wake wote waliuchukua, wakaugeuza sululu.

Jumamosi lori lilikuja na kifusi. Aliruhusiwa kuingia kwa saa moja tu kuchukua vitu vyake: reki, ndoo mbili, ubao. Greda lilikuwa limeshapita juu ya nyanya. Kwenye lundo wanaume watatu walikuwa wanapakia mboji kwa makoleo, wakiisifu.

"Hiyo inakwenda wapi?" aliuliza.

"Maua ya getini, mama. Wageni wa cheti wanakuja. Bosi kasema mali safi kama hii isitupwe."

"Itaua maua."

"Mama, sisi tumeagizwa."

Akawaandikia. Kwenye kipande cha boksi, kwa mkaa wa mafigani, herufi kubwa: MBOJI HII INA DAWA, INAUA MAJANI MAPANA. Akaweka tarehe, akakipachika kwenye mzigo. Akamfuata Bwana Lami mpaka kwenye gari lake akamwambia kwa mdomo pia, mara mbili, mbele ya mlinzi. Bwana Lami akapandisha kioo.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, saa nne kasoro, alikuwa amesimama nje ya geti, upande wa barabara, kwa sababu ndani hana ruhusa. Mikononi alikuwa na kitu Shemeji alichomletea nyumbani usiku wa jana yake bila neno hata moja la utani: kibandiko kilichobanduliwa kwenye dumu la asili, stoo, nyuma ya makopo ya rangi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo mno: *Majani yaliyonyunyiziwa yasitumike kutengeneza mboji.* Mkataba wa Shemeji ulikuwa umekatizwa Jumatatu. Mama Mboji kujitwika lawama zake hakukumwokoa. Kulimchelewesha siku kumi na moja.

Wanafunzi walikuja kumi na wawili. Maabara alikuwa mbele na daftari. Mama Mboji alihesabu vichwa, akatafuta kimoja kilicho juu ya vyote, hakukiona.

"Twiga?"

Maabara akatazama chini. "Karudishwa kwao, mama. Hakuwa anaamka tena. Baba yake alikuja kumchukua."

"Lini?"

"Jumanne."

Magari yalipita nyuma yao. Mbele yao, ndani ya geti, kwenye bustani ya duara iliyozungukwa na mawe meupe, maua mekundu na ya manjano yaliyopandwa kwa ajili ya wageni yalikuwa yameanza kujikunja, moja hapa, matatu pale, majani yamefumba ngumi, shingo zimepinda kuelekea chini. Mpiga picha alikuwa anazunguka akitafuta upande wa kupigia. Mlinzi akamwona Mama Mboji, akageuza uso.

Mwanafunzi mmoja akacheka. "Wakome!"

"Usicheke," alisema. Yeye hakuwa anacheka. Macho yalikuwa mekundu, na midomo yake ilikuwa mikavu kama ya mtu aliyelala na homa. Akakifungua kibandiko, akakinyoosha juu ya paja, akakipitisha mkono kwa mkono ili kila mmoja akisome mwenyewe. Kisha akaegemea nguzo ya geti, nguzo yao, akafungua daftari la nailoni kwenye ukurasa mpya, na alipozungumza ilibidi wasogee karibu wamsikie.

"Andikeni tarehe," alisema. "Anzeni na Jumanne."